Behewa Halilali Bila Breki

Ukimchokoza Mama Viti, alikuwa na jibu moja tu. "Nyamaza wewe," angesema, "umenikalia maisha yako yote." Na ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyewahi kupanda treni ile ndogo ya reli nyembamba, awe mkulima, mwalimu au polisi, ambaye hakuwa amekalia kazi ya mikono yake. Alikuwa mshona viti wa karakana ya reli. Alijaza sponji, akavuta ngozi ya plastiki mpaka inyooke, kisha akaishona kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na kidole gumba chake kilikuwa kimekomaa kama kisigino. Wengine walidhani jina hilo linamuudhi. Wapi! Aliona ni heri uitwe kwa kazi yako kuliko uitwe kwa maradhi ya mumeo.

Mumewe aliitwa Mzee Breki, na kabla ya maradhi alikuwa gadi, yaani yule mtu wa filimbi na bendera ya kijani anayekaa nyuma kabisa na kumwambia dereva ondoka au simama. Dereva hupata sifa kwa sababu yuko mbele, lakini mzee alipenda kusema kwamba treni ni kama punda, huswagwa kwa nyuma.

Walikuwa wakiishi ndani ya behewa. Usicheke. Mwaka waliooana mto ulivunja kingo ukaichukua nyumba yao, hata mlango usionekane tena, na mkuu wa stesheni wa wakati huo akawaonyesha behewa chakavu la abiria lililoegeshwa kwenye reli ya pembeni nyuma ya karakana. "Jisitirini humo mpaka mambo yatengemae," akawaambia. Mkuu huyo akastaafu, akafa. Waliokuja baada yake nao wakastaafu. Mambo hayakutengemaa, na humo humo ndani ya behewa Mama Viti akazaa binti, akamlea, akamsomesha, akamuaga alipokwenda kusomea ukunga.

Ilikuwa nyumba ndefu na nyembamba, na akija mgeni mnene ilibidi watu wapeane zamu ya kupumua. Upande mmoja viti vilikuwa vimeng'olewa pakawekwa kitanda. Vichanja vya mizigo juu ya madirisha vilibeba nguo, sufuria na masanduku. Choo kilikuwa nyuma ya mlango mwembamba, mkono wa kulia ukitoka kitandani. Madirisha yalikuwa na vibao vya kushusha, na kule mwisho, kwenye kibaraza cha kupandia, palisimama usukani wa chuma wa breki ya mkono. Behewa lilikuwa bado juu ya magurudumu yake, ingawa majani yalikuwa yameota mpaka kwenye ekseli.

Kila jua lilipozama walikuwa na utaratibu wao. Mama Viti alipita dirisha hadi dirisha akishusha vibao, na alipomaliza cha mwisho alisema, "Nimefunga." Mzee alijibu, "Nami nafunga," akatoka kibarazani, akauzungusha usukani mpaka mnyororo ukakaza na magurudumu yakashikwa. Asubuhi vibao vilipandishwa, naye akailegeza breki. Kila mwaka aliipaka grisi. Majirani walimtania: "Litakimbilia wapi, mzee, na majani yamelishika miguu?"

"Hata wewe huna pa kukimbilia," aliwajibu, "lakini mlango unafunga. Behewa halilali bila breki."

Kukutana kwao pia kulikuwa ndani ya behewa. Mama Viti, wakati huo msichana mwenye mdomo, alikuwa akienda kwa shangazi yake mwisho wa reli kujifunza kushona. Gadi kijana akaichukua tiketi yake, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Dada, unashukia wapi?"

"Tiketi yangu si hiyo mkononi mwako?" akamjibu. "Au walikupa filimbi wakasahau kukufundisha kusoma?"

Watu wote wakaangua kicheko, na kijana akacheka kuliko wote. Alipomrudishia tiketi alimwambia kwamba kusoma anajua, ila alitaka kuisikia sauti yake. Mama Viti alijifanya kutazama nje. Mpaka uzeeni alikuwa akidai kwamba siku ile alikuwa anaangalia ng'ombe.

Maradhi yalianza na mambo madogo. Mzee alisahau birika motoni. Kisha akasahau majina ya madereva, kisha majina ya stesheni, yeye aliyekuwa akizitaja kwa mpangilio huku akisinzia. Siku moja binti yao alikuja akiwa bado na sare za zahanati, na baba yake akamkaribisha kwa heshima zote: "Karibu, sista. Mgonjwa wetu yuko humu humu." Binti akacheka, akazungumza naye vizuri, halafu akatoka kibarazani akalia.

Hata hivyo ndani ya behewa mzee hakupotea. Mkono wake ulikijua kichanja, ukalijua komeo la mlango, ukaujua usukani wa breki. Aliamka akaenda chooni bila kuuliza mtu. Jioni akisikia "Nimefunga," neno lake lilikuja lenyewe. Kwa hiyo Mama Viti aliamini jambo moja, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo: behewa ndilo lililokuwa linamshikilia mumewe, kama msumari unavyoshikilia koti. Ukiung'oa msumari, koti litaanguka, naye atabaki na mwili wa kuuogesha na kuulisha.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Treni ilikuwa na mabehewa matatu ya abiria, na moja likaoza sakafu mpaka watu wakawa wanayaona mataruma, ile mihimili inayobeba reli, yakipita chini ya nyayo zao. Likaondolewa. Yakabaki mawili kwa watu walewale, kuku walewale na magunia yaleyale. Siku za soko watu walining'inia ngazini. Siku moja mwanamke mjamzito akateleza akaanguka. Alipelekwa kwenye zahanati alikofanya kazi binti yao, na huko mama alipona, mtoto hakupona.

Haikupita muda mkuu wa stesheni mpya, kijana mpole aliyevaa tai hata kwenye joto kali, akaja nyuma ya karakana pamoja na fundi mkuu, bwana mrefu mwembamba ambaye watu walimwita Msumari.

"Shikamoo, mama," akasema mkuu.

"Marahaba. Kaeni. Hapo mlipo ni sebuleni, hatua moja mbele mtakuwa chumbani kwangu."

Msumari hakukaa. Aliinama, akaingia uvunguni, akagongagonga, na alipotoka na majani kichwani alisema kwa sauti ya daktari anayeleta habari mbaya, "Ni zima." Akajipangusa. "Chasisi nzima, magurudumu mazima. Mzee amelitunza. Breki ina grisi kama ya jana."

Hebu fikiria dhuluma ya namna hiyo. Mzee angekuwa mvivu, angeliacha behewa lishikwe na kutu mpaka mifupani, hakuna ambaye angelitaka. Uangalifu wake ndio uliomtia matatani. Mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha, akiwatabasamia wageni na kuwauliza kama treni imechelewa.

"Mnachukua nyumba ya mgonjwa," akasema Mama Viti.

"Tunawapa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, mama. Cha matofali. Umeme upo."

"Umeme atauwasha nani? Huyu hakumbuki swichi ni kitu gani."

Kijana akaishika tai yake, akatazama chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mama Viti, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumtukana.

Jumapili binti akaja. Mama alitegemea kupata wa kumtetea, maana binti huyu alikuwa na mdomo aliourithi bila kudhulumiwa hata chembe. Lakini Mkunga, kama watu walivyomwita binti kwa kazi yake, alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Waache walichukue, mama."

"Na baba yako?"

"Baba anapotea ndani ya behewa, na atapotea nje ya behewa. Ugonjwa huu haurudi nyuma."

"Umesema kama mkunga. Sasa sema kama mtoto wake."

Mkunga alikiweka kikombe chini. "Kama mtoto wake," akasema, "ningelala relini wasilipitishe. Lakini yule mtoto wa mama aliyeanguka ngazini ni mimi niliyemfunga sanda, mama. Mikono hii."

Mama Viti akajimiminia chai. Usinidhanie naongeza chumvi nikisema alimchukia mwanawe kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha akaanza kushusha sufuria kutoka vichanjani.

Siku ya kuvuta behewa vitu vyao vyote vilikuwa nje kwenye majani: kitanda, meza, birika, kioo kilichokuwa kinaakisi mawingu. Mafundi walikuwa wamefyeka mpaka kwenye reli. Kichwa cha treni kikaja kinyumenyume polepole, kikagusa, kikaunganishwa. Mama Viti alikuwa amejiandaa kwa mumewe kulia, kugoma, hata kupiga mtu. Mzee, aliyekuwa bado ndani, hakufanya lolote kati ya hayo. Alipohisi ule mtikisiko wa kuunganishwa, uso wake ulinyooka, akaitafuta kofia yake, akaivaa.

"Hatimaye!" akasema. "Tumepewa njia!"

Akatoka kibarazani, akailegeza breki mwenyewe, akainua mkono kumpa dereva ishara. Dereva alikuwa mtu mzima, alimjua. Akapiga honi kama inavyotakiwa. Behewa likalia kila kiungo, likajikokota kutoka mahali pake, na mzee akapita mbele ya mkewe amesimama wima, amepiga saluti. Mama Viti alisimama kati ya meza na kitanda chake akilia waziwazi, bila hata kujifunika uso.

Chumba kilikuwa kizuri. Tuseme ukweli, kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha la kioo na bomba mlangoni, na kuna watu wangepigania chumba kama kile. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Mama Viti alijiambia, atazoea. Mzee hakuzoea. Alipapasa kuta akitafuta kichanja. Kila asubuhi aliuliza wamefika stesheni gani. Alipoamka kitandani alikwenda mkono wa kulia kutafuta choo, kama miaka yote, na huko palikuwa na kabati la nguo. Mara ya kwanza Mama Viti alifua nguo bila kusema kitu. Mara zilizofuata pia alifua bila kusema kitu, lakini alikuwa anafua kwa nguvu mpaka vitambaa vinalalamika.

Jioni ilikuwa mbaya zaidi. Dirisha halikuwa na kibao. Alivuta pazia, akasema, "Nimefunga," na mzee akainuka, akatembea hadi ukutani, akasimama. Mikono yake ilizunguka hewani, ikitafuta chuma. Kisha akageuka akamtazama mkewe kama mtoto aliyeachiwa mkono sokoni. Baada ya siku chache Mama Viti aliacha kulisema lile neno. Ilimuuma kuliacha, na ilimuuma zaidi kuona kwamba mzee hakuonekana kulikumbuka.

Karakanani nako behewa lilikuwa limesimama uchi, limepigwa msasa, likisubiri viti, na aliyepaswa kuvishona si mwingine. Alianza kwa kukokota miguu. Mara sponji imelowa, mara shazia imevunjika, mara nyuzi zimekwisha. Msumari hakumgombeza. Alikwenda ghalani, akaleta nyuzi, akaziweka mezani, akaondoka. Mama Viti alishona kiti kilichokuwa kinakwenda pale kilipokuwa kitanda chake cha ndoa, akajichoma, akanyonya damu, akamtukana Msumari kimoyomoyo yeye na ukoo wake.

Ilikuwa hapo, kidole kikiwa mdomoni, ndipo wazo lilipomjia. Mzee angeweza kupanda. Nani aliyesema asipande? Kila siku asubuhi angempeleka, angemkalisha kiti cha mwisho karibu na kibaraza, aone madirisha yake, ashike kichanja chake. Treni ingekwenda na kurudi, naye angekuwa nyumbani. Akaenda moja kwa moja ofisini akiwa na nyuzi begani, tayari kwa vita. Alisema atavishona viti vyote, tena upesi, kwa sharti kwamba mumewe apande kila siku bila kuulizwa.

"Lakini mama," akasema mkuu wa stesheni, "wastaafu hupanda bure siku zote."

Alirudi karakanani ameona haya kidogo, akashona kama mtu anayeshona nguo ya arusi. Kiti cha mwisho alikijaza sponji mara mbili. Msumari aliona, akageukia upande mwingine.

Siku behewa lilipoanza kazi lilikuwa na rangi mpya na harufu ya vanishi. Mzee alipanda ngazi bila kushikwa. Alipoingia akasimama, akanusa, akapandisha mkono, na kichanja kilikuwa pale pale. "Ah," akasema. Alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho kwa raha, na Mama Viti akakaa mkabala naye, moyo ukimwenda mbio kwa furaha aliyoiogopa. Gadi wa sasa, mwanamke wa makamo aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe na ambaye wote walimwita Filimbi kwa wembamba wa sauti yake, alipita akamwinamia. "Shikamoo, mwalimu." Mzee akamjibu, "Marahaba, mwanangu. Breki umeilegeza?" Filimbi akasema ndiyo, akamkonyeza Mama Viti.

Binti yao naye alikuwemo, akienda kazini. Kwa mara ya kwanza tangu behewa lile bovu liondolewe alikuwa amekaa, na kiti cha mbele yake alikikalia mwanamke mwenye tumbo kubwa, akila karanga kwa amani. Mama na binti walitazamana. Kwenye stesheni ya zahanati Mkunga akamshika baba yake bega, akamshika mama yake bega, akateremka.

Mvua iliwakuta uwanda mtupu, mbali na stesheni yoyote. Ilikuja kwa ubavu, ile mvua isiyobisha hodi, na abiria waliokaa upande wa upepo wakapiga kelele. Hawakujua madirisha yale yanafungwaje. Nani alijua kuliko Mama Viti? Akasimama, akapita dirisha hadi dirisha akiachia vishikizo, na vibao vikashuka kimoja baada ya kimoja, upande huu, kisha upande ule. Behewa likaingia giza la jioni. Watu wakamshukuru. Akashusha cha mwisho, akapangusa mikono kwenye gauni, na neno likamtoka kinywani bila yeye kulituma.

"Nimefunga."

"Nami nafunga," mzee akajibu.

Moyo wa Mama Viti uliruka kabla akili yake haijaelewa. Alipoelewa, mzee alikuwa ameshatoka kibarazani. Akasukuma magunia, akakanyaga kuku wa mtu, akamwita, lakini mnyororo ulikuwa umekaza. Chini yao chuma kikapiga yowe. Behewa zima likatetemeka, vichanja vikamwaga mizigo, mwanamke mwenye trei ya mayai akaanguka magotini, na mayai yakawa uji kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile. Dereva akasikia mzigo umegoma. Treni ikasimama katikati ya mvua.

"Nani huyo? Nani?" watu wakapiga kelele. "Mtupeni nje! Anataka kutuua!"

Mzee akarudi ndani akijifuta mikono, ametulia kama mtu aliyemaliza shughuli za siku. Kisha akawaona. Aliwatazama mmoja mmoja katika lile giza, na woga ukamwingia usoni, na baada ya woga hasira.

"Nani amewaruhusu kuingia nyumbani kwangu?" akauliza. "Na matope?"

Kicheko kilisikika huko nyuma, kikafa chenyewe. Filimbi akaja mbio kutoka behewa la nyuma, amelowa, akauona usukani, akaelewa yote. Akashika chuma ili afungue. Mzee akaing'ang'ania mikono yake kwa nguvu ambazo hakuna aliyezitarajia.

"Usiku haufunguliwi," akasema. "Behewa halilali bila breki. Nilikufundisha nini?"

Filimbi akamwachia. Alimgeukia Mama Viti, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, hili siwezi kulificha. Watu wameumia. Hataruhusiwa kupanda tena."

"Najua," akasema Mama Viti. Alijua, na alijua zaidi ya hapo: ni yeye aliyevishusha vibao, ni yeye aliyesema neno. Mzee alikuwa amemwitikia tu, kama mume mwema anavyopaswa. Alitamani sakafu ioze hapo hapo imdondoshe relini.

Badala yake alikwenda kwenye dirisha la kwanza, akakipandisha kibao. Mvua ikamwagikia kiti kipya, ikamlowesha kifuani. Akapandisha cha pili.

"Mama, unafanya nini? Tutalowa!"

"Nisaidieni," akasema. "Nawaombeni. Kwake yeye ni usiku. Mpaka kuche ndipo atafungua."

Kwa muda hakuna aliyesogea. Halafu yule mwanamke wa mayai, mikono yote ute, akasonya kwa uchungu wa mali yake, akainuka, akakisukuma kibao cha dirisha lake mpaka juu. Jirani yake akafuata, akinung'unika. Mtu wa magunia akafuata. Mvua ikaingia pande zote, ikapiga nyuso, ikapiga ngozi ya plastiki iliyoshonwa kwa shazia, na mwanga ukaingia nayo, wa kijivu lakini mwanga. Behewa zima la watu walikaa wakilowa, wakimtazama mzee mmoja.

"Kumekucha?" akauliza.

"Kumekucha, baba," akasema mwanamke wa mayai.

Akatoka kibarazani. Wakausikia mnyororo ukilegea. Filimbi akaenda kupeperusha bendera, honi ikalia, na treni ikaanza kujongea. Mzee alipoingia tena alikuwa mtu mwingine. Mgongo umenyooka, kofia imekaa sawa, macho maangavu. Mama Viti hakuwa amemwona hivyo tangu zamani, na kwa kitambo kifupi alisahau kwamba hii ndiyo safari ya mwisho. Mzee alianza na kiti cha kwanza. Akainama kwa adabu, akauliza, akasikiliza jibu, akaitika kwa kichwa, akasonga kiti cha pili. Abiria walimjibu wote. Hata wenye hasira walimjibu.

Akafika kwake. Mama Viti alikuwa amelowa chapachapa, nywele zimemshika usoni. Mzee alimtazama vizuri, kwa upole, kama anavyotazamwa abiria yeyote.

"Dada," akasema, "unashukia wapi?"

Jibu lake la usichanani, lile la tiketi, lilikuwepo tayari ulimini. Lakini alipoutazama mkono wa mumewe, ulikuwa mtupu. Hakuna tiketi iliyokuwa mkononi mwake, na hakuna wa kucheka.

"Mwisho wa reli," akasema.

Mzee akaitika kwa kichwa, akamshukuru, akamgeukia mwenye kuku, akamwuliza na yeye anashukia wapi.